Kifuniko Cheusi Kwenye Funguo Zangu

Nilimkuta mwanangu wa pekee ameng'ata mdomoni kitu kile kile kilichomuua mama yake!

Jamani... niliingia duka la watu bila hata hodi.

Miezi miwili mizima binti huyu ananiaga asubuhi, "Baba, nawahi darasa la kushona." Na mimi baba mtu naitikia, "Nenda mama, na shati langu usilisahau."

Kumbe hakuna cherehani wala uzi!

Aliyenifungua macho ni mteja. Namfutia kioo cha gari, akaniambia, "Mzee, hongera! Binti yako nimemwona bwawa la kuogelea, kavaa mtungi mgongoni kama askari."

Kitambaa kikaniponyoka. Nikaliacha gari la watu na povu lake, nikaondoka mbio na ndala zangu za kazini.

Pale bwawani wakanielekeza, "Yupo duka la vifaa hapo nyuma. Leo anachagua regyuleta yake ya kwanza."

Regyuleta...

Kwa msioijua, ndicho kifaa cha kupumulia chini ya maji. Upande mmoja unafungwa kwenye mtungi wa hewa, katikati kuna mpira, upande wa pili unaung'ata mdomoni. Hewa ya mtungini ina nguvu mno, hicho kifaa ndicho kinaituliza ikufikie taratibu.

Mimi nakijua. Nimekiosha kwa mikono hii miaka minne.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mnielewe.

Mimi ni muosha magari. Shule niliishia darasa la nne, mkikuta nimekosea mahali mnivumilie. Marehemu mke wangu alikuwa mpiga mbizi wa kampuni ya maji. Kazi yake ilikuwa kushuka chini kabisa, kukwangua majani na takataka kwenye wavu wa bomba kubwa, ili wewe ufungue koki maji yatoke. Mwanamke peke yake kati ya wanaume sita. Kazini walimwita Nguva.

Ofisini hapakuwa na pa kuoshea vifaa. Kila mtu anabeba chake nyumbani.

Basi akirudi tu, namwambia, "Lete huo mzigo. Kuosha tuachie wenye fani."

Yeye anakaa kizingitini, miguu kainyoosha, ananicheka. "Haya, fundi wa povu!"

Nakizamisha chote kwenye ndoo ya maji safi. Nabonyeza na kile kitufe cha mbele maji yapite mpaka ndani, maana mimi sijawahi kuosha kitu juu juu.

Kilikuwa na kifuniko kidogo cheusi cha mpira, kinaning'inia kwa kamba. Kamba ikakatika. Nikakitia kwenye funguo zangu.

Siku moja akaniuliza, "Mume wangu, kifuniko changu umekiona?"

Nikamwambia, "Ninacho mfukoni. Ukiwa chini ya maji na mimi nijue nimekushika."

Akacheka mpaka akajifunika uso na kanga. Yakaisha.

Mwaka wa mwisho akaanza kulalamika.

"Siku hizi hewa haiji yenyewe. Mpaka niivute kama navuta jiwe."

"Waambie ofisini!"

"Nimeshawaambia."

Alisema mara tatu, ndugu zangu. Mara tatu! Mara ya mwisho meneja akamjibu mbele ya wenzake, "Nguva, tatizo umenenepa. Punguza mwili hewa itakutosha."

Wakacheka. Akashuka.

Hakupanda mwenyewe. Walimpandisha.

Ripoti yao ilikuwa karatasi moja tu. Nilisomewa, "Kutu ya kijani ndani ya kifaa, chujio limeziba." Mazishini wakubwa wakanipa mkono, wakaingia kwenye magari yao wakaondoka. Magari niliyowaoshea mimi wiki hiyo hiyo!

Mnaonifuata humu mnajua. Miaka mitatu sasa nawaandika wale wakubwa. Nimesimama getini kwao na bango mpaka walinzi wakaniletea kiti.

Sasa turudi dukani...

"Toa hicho kitu mdomoni!"

Binti akageuka. Akakitoa taratibu.

"Baba..."

"Ndio shati langu hilo?"

Akakipakata kifuani.

"Umenidanganya miezi miwili!"

"Nimekudanganya, Baba."

"Ni wale wale wamekuchukua? Wamemmaliza mama yako, sasa wanataka na wewe?"

"Sio wao. Ni kikosi cha uokoaji. Nikifaulu, nitakuwa mtu wa kushuka kumfuata aliyekwama. Siku ile hakukuwa na mtu wa kumfuata mama."

Nikabaki na swali moja tu.

"Unataka nizike mara ngapi?"

Nyuma ya meza alikaa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, vidole vyeusi kwa mafuta. Wanafunzi wote wanamwita Bi Fundi, anauza na kutengeneza.

"Mzee wangu, kaa. Ukigomba umesimama duka langu linazidi kuwa dogo."

"Wewe ndiye unayewauzia watoto wa watu kifo?"

"Mimi nauza pumzi, baba. Kiti hicho."

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa. Nadhani miguu ilikuwa imeshaamua.

Binti alikuwa ameshika moja inayong'aa, ina vitufe na vizungusho vingi kama redio ya zamani.

Bi Fundi akaichukua. "Hii imekupendea nini?"

"Inapendeza..."

"Chini hakuna wa kukutazama, isipokuwa samaki, nao hawana adabu." Akairudisha kabatini. "Wewe bado unajifunza kupumua. Tafuta inayokupa hewa bila kugombana nayo. Halafu ifunge kwenye mitungi ya hapo bwawani kwenu, sio mitungi ya kwenye picha. Wengi wananunua, wakifika haifungi."

Akatoa nyingine nyeusi, ya kawaida kabisa, haina makuu. Pembeni ina mdomo wa pili wa njano.

"Huo wa njano wa nini?" nikauliza. Kwa ukali, lakini niliuliza.

"Wa mwenzio akiishiwa."

Nguva alishuka peke yake.

"Na kubwa zaidi," akaendelea, "chagua ambayo fundi wa hapa hapa mjini anaweza kuifungua kila mwaka. Kama haifunguliki hapa, hilo ni pambo la ukutani."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, mzee. Hata kama imelala kabatini."

Nikapiga meza!

"Ya mke wangu miaka minne haijafunguliwa hata siku moja! Umesikia, mwanangu? Umesikia? Wauaji wale!"

Nilitegemea binti aungane nami. Akainamisha kichwa.

Akamwambia yule mama kwa haraka, "Bi, inatosha leo. Mambo ya kuosha utanieleza kesho."

"Ya kuosha hayangoji kesho, binti. Wanaoanza wengi wanaiulia kwenye ndoo."

"Bi, tafadhali..."

Mimi nikacheka. Wallahi nilicheka!

"Kuosha? Kuosha niulizeni mimi!"

Bi Fundi hakujua. Angejua angenyamaza. Akaishika ile nyeusi, akainua upande unaofungwa kwenye mtungi.

"Kabla ya tone la maji, unaziba hapa na hiki." Akabana kifuniko kidogo cheusi cha mpira. "Kisipokuwepo, maji yanaingia ndani. Huyaoni, huyasikii. Yanakaa humo yanatengeneza kutu ya kijani, chujio linaziba, mwisho hewa inakuja kwa kuvutwa. Na kitufe cha mbele usikibonyeze ndani ya ndoo. Ni kama kuyafungulia maji mlango."

Kicheko kikaniishia hapo.

Nikaingiza mkono mfukoni. Nikazitoa funguo zangu, nikaziweka juu ya meza.

Kilikuwa pale. Kimepauka, kingo zimelika kwa kushikwashikwa miaka yote hiyo.

Bi Fundi akavaa miwani. Akakitazama. Akanitazama.

Akaivua tena miwani.

Nje watoto walikuwa wanaruka majini, nasikia chubwi... chubwi...

"Nilijua, Baba," binti akasema.

"Ulijua nini?"

"Mwalimu alituonyesha kifuniko wiki ya kwanza. Nikakumbuka funguo zako. Nikakumbuka ndoo."

"Na hukuniambia?"

"Siku ya kwanza nilikudanganya kwa kuogopa ugomvi. Lakini baada ya hapo..." Akazigusa zile funguo. "Hasira yako na wale watu ndiyo inayokuamsha asubuhi. Niliogopa nikikunyang'anya hutaamka tena."

Mnaona? Nilidhani kanificha mambo yake. Kumbe alikuwa ananificha ya kwangu!

Nililia, ndugu zangu. Mzee mzima, na povu la gari la watu limenikaukia mikononi.

"Nimemuua mke wangu kwa usafi..."

Bi Fundi hakunibembeleza.

"Sitakwambia mkono wako haumo, nitakuwa mwongo. Lakini kutu hiyo fundi angeiona mwaka wa kwanza. Na mtu akisema mara tatu hewa haiji, hashushwi. Wewe nani alikufundisha kuosha kifaa hiki?"

"Hakuna."

"Na yeye?"

"Walimpa mafunzo siku mbili. Siku ya pili ilikuwa ya kupiga picha."

Akatikisa kichwa tu.

Binti akachukua ile nyeusi isiyo na makuu. Nikataka kufunga kifuniko cha mama yake kwenye hiyo mpya. Bi Fundi akakibonyeza kwa kidole, akanionyesha ufa.

"Hiki hakizibi tena, baba. Kaa nacho."

Nikarudi kazini. Gari lilikuwa limekauka madoa kila mahali, mwenyewe kafura. Nikaliosha upya.

Wiki iliyofuata nilikwenda bwawani kumtazama akishuka. Nilikaa ukingoni nikihesabu mapovu yake yanayopanda. Yakikawia kidogo, na mimi pumzi inasimama.

Akatoka. Maji yanamchuruzika, uso ni wa mama yake mtupu. Akaja mpaka nilipo, akanikabidhi regyuleta.

"Baba, osha."

"Mimi?"

"Sasa nani? Si ndiye mwenye fani?"

Nikaangalia ndoo. Nikakifuta kifuniko kwanza kikauke, nikakibana mpaka kidole kikauma, nikahakikisha mara mbili. Kitufe sikukigusa. Ndipo nikazamisha.

Nikasikia nyuma yangu, kwa sauti ya chini, "Fundi wa povu..."

Sikugeuka. Ningegeuka, nisingeweza kumaliza.

Sasa nyinyi mnaosoma hapa. Najua kuna watakaosema, "Mzee, si uliwasingizia watu?"

Sijawasingizia! Wao walikuwa na fundi, walikuwa na karatasi, walikuwa na masikio, na waliambiwa mara tatu. Mimi nilikuwa na ndoo. Getini kwao nitarudi, bango nimeliandika upya: KILA MWAKA FUNGUENI VIFAA. AKISEMA HEWA HAIJI, ASISHUKE. Mara hii nimeandika na chini yake, kwa herufi ndogo: na wa nyumbani wafundisheni kuosha.

Na wewe uliye nyumbani, kifaa kinachobeba uhai wa mtu wako, usikishike kwa mapenzi peke yake. Uliza. Hata kama unajiona bingwa, uliza. Mimi nilikuwa naye kizingitini kila jioni miaka minne, sikumuuliza hata siku moja kile kifuniko ni cha kazi gani.

Bado kipo kwenye funguo zangu. Kila nikifika mlango wa chumba chetu, kabla sijafungua, nakibana kwa vidole viwili.

Nakibana kwa nguvu... kama vile bado kuna kitu naweza kukiziba.