Dawa ya Kompyuta ya Maman Rolande

Kila Jumamosi asubuhi Kahambu alikunja nguo nyumbani kwao Anderlecht, ughaibuni, mama yake akiwa kazini kwenye nyumba ya wazee. Siku hiyo mlango uligongwa. Mwanamke asiyemjua alisimama pale, amekumbatia kompyuta iliyofungwa kitenge.

“Miye ni Maman Rolande, nimehamia hapa juu. Kanisani walisema kwenu kuna mutoto anajua mashini.”

Alikuwa amepewa kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux. Wi-Fi ilikuwepo nyumbani kwake, lakini kompyuta haikuiona. Kesho saa tisa mchana jirani mmoja huko kwao Butembo angempelekea mama mgonjwa wa Maman Rolande simu, ili mama na binti waonane kwa video.

“Tangu nikimbie sijaona uso wake,” alisema. “Sauti tu.”

Kahambu aliijua hamu hiyo. Baba yake pia alibaki huko. Hakuwahi kugusa Linux, lakini aliona haya kusema. “Hiyo ni kitu kidogo, maman. Kesho utamwona. Naahidi.” Akaipokea kompyuta.

Mama aliporudi, Kahambu aliazima simu yake, akawa ananakili amri za mtandaoni na kuziandika kwenye kompyuta moja baada ya nyingine.

“Mashini inajibu nini?” mama aliuliza.

“Sisomi majibu, mama. Natafuta amri ingine.”

Mama alicheka. “Alors, mgonjwa analia tumbo, wewe unamupaka dawa ya goti. Hiyo Linux unaijua?”

“Hapana.”

“Basi panda umwambie. Kusema sijui si aibu. Aibu ni kumngojesha mtu kitu ambacho huna. Kisha keti, usikilize mgonjwa wako.”

Kahambu alipanda ngazi, akasema ukweli. Maman Rolande alimvutia kiti. “Bon. Lakini utajaribu?”

“Nitajaribu.”

Jumapili walichelewa kutoka kanisani, maana misa ya Wakongo haina haraka. Nyumbani kwa Maman Rolande, Kahambu alisoma majibu ya kompyuta neno kwa neno. Kadi ya Wi-Fi ilikuwemo, ila programu ndogo ya kuiendesha haikuwemo. Ilibidi ipakuliwe mtandaoni, na mtandao ndio uliokosekana. Akaunganisha simu ya mama kwa waya ili iikopeshe kompyuta mtandao wake. Programu ikaanza kushuka, polepole sana.

Saa tisa ilipokaribia, simu iliita. Alikuwa baba. Jumapili tu ndipo alipofika mjini penye mtandao, na lori la kurudi kijijini halikumngoja mtu. Kahambu alikuwa amesuka nywele ili baba azione. Lakini akifungua video, mtandao ule mdogo ungezidiwa.

Alipokea sauti tu. “Papa, leo siwezi kukuonyesha uso. Nimeahidi maman mmoja.”

Lori lilisikika likinguruma. “Ahadi ni ahadi, binti yangu,” baba akasema. “Tutaonana dimanche, Jumapili ijayo.”

Programu ikamaliza kushuka. Kahambu akaiwasha upya kompyuta, akachagua jina la Wi-Fi, akaingiza nywila. Muda si mrefu uso wa bibi kizee ukatokea kwenye kioo, ukitafuta pa kuangalia.

“Mama,” Maman Rolande alisema, akagusa kioo kwa vidole.

Mama yake Kahambu alikuwa amesimama mlangoni. “Jana ulitaka uonekane unajua,” alimnong'oneza. “Leo umejua kweli, kwa sababu ulikubali kwanza kwamba hujui.”

Kahambu aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Akachomoa waya, akafunga mlango taratibu, akawaachia wawili hao mchana wao.