Kabichi Zisizo na Tundu

Kila asubuhi kabla ya shule Chepkemei alichota maji mtoni mara mbili: debe la kwanza la mama yake, la pili la kabichi zake. Ilikuwa mwaka wa 1957, na watu wa laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la mzungu karibu na Njoro, walikuwa wamechoka kusikia habari za hizo kabichi. Mwalimu Peterson alikuwa amewaagiza wanafunzi wake kila mmoja aanzishe bustani nyumbani. Chepkemei, ambaye hakuwahi kupanda hata kitunguu, alilima tuta moja nyuma ya jiko akapanda miche ishirini.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka viwavi walipoingia. Leo jani lina tundu, kesho imebaki mishipa mitupu. Jirani yao Namalwa, mwanamke ambaye habari zote za laini zilipita mlangoni kwake kwanza, alisema hizo si kabichi, ni vichujio vya chai. Watu wakacheka wiki nzima.

Chepkemei aliwatoa viwavi kwa mkono siku mbili, akachoka. Ndipo alipokumbuka josho, lile shimo refu la dawa ambamo ng'ombe waliogeshwa kila Alhamisi ili kupe wafe. Kama kupe anakufa, alijiambia, kiwavi ni nani? Mzee Kosgei, mwangalizi wa josho, alikuwa akiwafukuza watoto pale kwa fimbo. Basi alingoja mzee aende kula, akachota kopo moja, akachanganya na maji, akanyunyizia tuta lote. Wiki iliyofuata akarudia.

Viwavi walikwisha. Kabichi zikafunga vichwa, kubwa, safi, hazina tundu hata moja. Namalwa alipokuja kuuliza siri, Chepkemei alimjibu kwamba ni maji ya sabuni tu. Mwalimu naye alisema angekuja Jumatatu kuzitazama, na pengine angewaleta wanafunzi wote.

Lakini Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo, ndama mmoja aliponyoka akanywa maji ya josho. Kabla ya jioni alikuwa amekufa, povu mdomoni. Chepkemei alimwona kwa macho yake. Usiku hakulala. Alitaka kuzing'oa kabichi, akamfikiria mwalimu, akanyamaza. Ijumaa akanyamaza. Jumamosi pia.

Jumapili shangazi zake walikuja kutoka Molo na watoto wao saba, na majirani wakajaa kama kawaida. Mama yake akamtuma kuazima sahani nyumba ya mwisho ya laini. Aliporudi alipitia nyuma ya jiko, akasimama kama mti. Nusu ya tuta ilikuwa vishina vitupu.

Ndani, Namalwa alikuwa anapakua. Aliwaambia wageni kwamba mtoto huyu ambaye yeye mwenyewe alimcheka amemfunga mdomo, tena kabichi tamu hivi hajala tangu aje Bonde la Ufa. Sahani zilikuwa zimeshafika magotini mwa watoto. Mdogo wao alikuwa ameinua tonge.

"Msile," Chepkemei alisema. Sauti ilitoka ndogo, hakuna aliyegeuka. Akampiga mtoto mkono, tonge likaanguka. "Msile. Nilizinyunyizia dawa ya josho."

Mama yake aliangalia sufuria, akamwangalia yeye, akaangalia tena sufuria. Kisha shangazi mmoja akauliza polepole ni nani aliyekwisha kula.

Namalwa aliweka mwiko chini. "Mimi nilionja chumvi," alisema. "Mara tatu."

Baba alikimbia kumwita Mzee Kosgei, naye hakupoteza muda kugomba. Alimwuliza Chepkemei alichota kiasi gani na lini, akamfukuza dereva wa lori la maziwa kutoka kitandani, na Namalwa akapelekwa hospitali mjini Nakuru akitapika njia nzima. Jioni ile baba alizing'oa kabichi zote akazizika mbali na mto. Jumatatu mwalimu alionyeshwa udongo mtupu, na Chepkemei mwenyewe ndiye aliyemweleza sababu, pamoja na zile siku tatu alizonyamaza.

Namalwa alirudi Jumatano, amekonda lakini anaongea. Nyumba yake ilijaa watu waliotaka kusikia habari. Alimwita Chepkemei aje akae karibu naye.

"Hawa wananiambia nikuchukie kwa sababu ya dawa," alisema. "Dawa hukuijua, ingawa Kosgei alikuwapo wa kuulizwa. Mimi kinachoniuma ni zile siku tatu ulizojua ukakaa kimya, kisa mwalimu akusifu. Lakini mwanangu, pale palikuwa na watoto saba na sahani saba, na hakuna aliyekula. Hilo ni lako, sikunyang'anyi. Siku nyingine ukiogopa kusema, njoo useme hivyo hivyo ukiogopa. Usingoje tupakue."