Toroli ya Injinia

Jirani zangu wa Kisugu, na nyinyi wa Kyebando mliousikia ule mshindo kwa masikio yenu, nipeni dakika chache. Najua habari hii mmeshaipata kwa vipande, kila mtu na chumvi yake. Leo isikieni kwangu mimi Lamwaka, mwanamke niliyetumikia polisi miaka ishirini na saba katika stoo ya vielelezo, maana nilikuwa karibu nayo kuliko nilivyopenda. Mtakaponikasirikia njiani msiondoke. Nimestahili.

Nyumba ya Wahabi na mkewe Shakirah imepakana na yangu. Kinachotutenganisha ni ua wa michongoma tu. Ilikuwa nyumba ya raha. Asubuhi Shakirah alikaa barazani amejifunga gurubaba yake nyekundu, vazi la Kinubi, akisuka vifuniko vya chakula vya rangi rangi kama walivyosuka bibi zake Wanubi. Mumewe akitoka kwenda kazini humwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza: "Mama Abdunoor, leo tunakula nini?" Naye humjibu, "Utakula ulicholeta." Wakacheka. Mimi nami hucheka upande wangu wa ua, kikombe cha chai mkononi.

Wahabi alikuwa mkandarasi. Si mkubwa, mtu wa madarasa mawili matatu, vyoo vya soko, ukuta wa shule. Karibu kazi zake zote zilikuwa za serikali. Kisha serikali ikabadilisha masharti. Kazi ndogo ndogo za umma zikatengwa kwa ajili ya kampuni za wanawake. Atakayechelewa kumaliza, kampuni yake itafutwa kwenye orodha. Na lile lililonitisha mimi mtu wa makaratasi: mwenye kampuni mwenyewe, si mwakilishi, ndiye atakayetia sahihi tamko kwamba jengo ni imara, na likianguka ni yeye atakayejibu mahakamani.

Masharti yale hayakuwa mabaya, nisiwadanganye. Wako wanawake waliopata kazi kwa sababu yake na wakajenga vizuri. Lakini Wahabi alisoma mstari wa kwanza akaruka iliyobaki. Siku moja akaleta karatasi barazani.

"Mama Abdunoor, weka sahihi hapa, na hapa."

"Za nini?"

"Kampuni nimeiandikisha kwa jina lako. Ni karatasi tu. Kazi nitafanya mimi, wewe endelea na vifuniko vyako."

"Na nikiulizwa?"

"Nani akuulize wewe?"

Akaweka. Haukupita muda wakapata kazi: wodi ya kina mama wajawazito, ya ghorofa moja, kule Kyebando. Ubao ukasimamishwa mbele ya kiwanja, jina la Shakirah juu kwa herufi kubwa. Majirani tukampongeza, tukawa tunamwita Mkurugenzi. Mwanzoni alicheka. Baadaye akaniuliza, "Afande, hivi mkurugenzi hufanya nini hasa?" na uso wake haukuwa na mzaha.

Sasa sikilizeni mambo ya mafundi, maana bila haya hamtaelewa. Slabu, yaani ile sakafu ya juu, humwagwa siku moja bila kusimama. Katika zege lile huchukuliwa kidogo, hujazwa kwenye visanduku vya chuma, likikauka hutoka mawe ya mraba. Mawe hayo hupelekwa maabara yakapondwe, ionekane yana nguvu kiasi gani. Yakifaulu, injinia wa serikali anaruhusu nguzo zilizoshikilia slabu ziondolewe. Utaratibu mzuri kabisa. Lakini baadhi ya mafundi wetu wana mchezo wao, na mchezo huo wanauita toroli ya injinia. Asubuhi, kabla ya kazi, huchanganya toroli moja tu, saruji tele, kokoto safi. Mawe ya maabara hutoka humo. Kinachokwenda kwenye slabu ni kitu kingine.

Wahabi alikuwa akiufanya mchezo huo kila kazi, na kila jengo lake lilikuwa bado limesimama. Ndiyo maana hakuogopa. Siku ya slabu ya Kyebando, toroli ya injinia ilichanganywa kama kawaida. Mchana saruji ikaanza kuisha, na lori lililoleta nyingine lilikuwa limekwama njiani. Kusimama katikati kulimaanisha kubomoa na kuanza upya, na tarehe ya kukabidhi jengo ilikuwa mlangoni. Okeny, fundi mkuu, aliyejenga na Wahabi miaka kumi, akasema, "Bosi, tusimame." Wahabi akasema, "Nyoosha iliyopo." Wakainyoosha. Nusu ya pili ya slabu ile ilikuwa mchanga uliopakwa kijivu.

Siku nane baadaye Okeny alikuja Kisugu mchana, bosi wake hayupo. Shakirah aliponiona uani akaniita, "Afande, njoo usikie na wewe, mimi sielewi." Nikazunguka ua. Okeny alikuwa amesimama kofia mkononi, kijana wa kwetu Gulu, mpole, asiyejua kupandisha sauti.

"Mama," akamwambia Shakirah, "jina lililo kwenye ubao ni lako. Kesho watakuita utie sahihi kwamba ulikuwapo siku ya zege, na kwamba yale mawe yaliyofaulu maabara yametoka kwenye slabu. Hayakutoka huko. Usitie."

"Umemwambia Baba Abdunoor?"

"Mara mbili. Amesema nikifungua mdomo sitashika mwiko tena Kampala hii."

"Kwani itaanguka?"

Okeny aligeuza kofia yake, akaigeuza tena. "Sijui, mama. Ndilo linalonitisha. Sijui, na watakaolala chini yake ni wajawazito."

Alipoondoka, Shakirah alishika kifuniko alichokuwa akisuka, akakiweka chini tena. "Afande, wewe umekaa na sheria maisha yako yote. Nifanye nini?"

Hapa ndipo nataka mnikasirikie. Nilijua sahihi ni nini. Nimeziona sahihi zikiwafunga watu walioshika kalamu kwa sekunde mbili. Lakini nikamwambia, "Mumeo ni mumeo. Ukimkana mbele ya watu wa serikali, nyumba hii imekwisha. Okeny labda anakuza mambo. Tia sahihi, halafu umbembeleze mumeo taratibu aongeze nguzo." Kwa nini nilisema hivyo? Niliogopa. Niliogopa kelele za talaka upande wa pili wa ua wangu, niliogopa kuitwa mwanamke aliyevunja nyumba ya watu. Banange, nilichokiogopa kilikuwa kidogo sana.

Kesho yake wakaenda. Shakirah alinisimulia baadaye jinsi injinia, kijana mmoja aitwaye Cleopas, alivyomtazama usoni akauliza, "Mama, wewe mwenyewe ulikuwapo zege lilipomwagwa?" Akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa akitazama simu.

"Nilikuwapo," akasema. Akatia sahihi. Ruhusa ya kuondoa nguzo ikatoka siku hiyo hiyo.

Kuanzia hapo hofu ikahamia kwake kama mgeni asiyeaga. Lori likipita barabarani na vikombe vikatikisika, aliruka kitini.

"Afande, umesikia?"

"Ni lori, mama."

"Najua ni lori," akasema, huku ameshika ukuta.

Jioni niliwasikia wakigombana, mara ya kwanza tangu niwajue.

"Ngoja wiki tatu, Baba Abdunoor. Wiki tatu tu, zege lishike."

"Nikingoja wanatufuta kwenye orodha."

"Watufute!"

"Usiseme usichokijua. Wewe si fundi."

"Mimi si fundi. Lakini aliyesema nilikuwapo ni mimi, siyo wewe!"

Kisha nikasikia mlango. Nilikaa na chai yangu ikapoa, ningeweza kumpigia simu Cleopas, ningeweza kwenda mwenyewe kituoni ambako wananijua wote. Sikufanya lolote. Nilisema ni mambo ya mke na mume.

Asubuhi ya kuondoa nguzo Shakirah alinijia na kandambili zisizofanana miguuni. "Twende Kyebando. Nitasema. Nitasema nilidanganya, wanifanye watakavyo." Tukapanda boda moja wote wawili. Njia nzima alinishika kiuno kwa nguvu, nikihisi moyo wake ukinigonga mgongoni, akirudia, "Ya Rabi, wasiwe wameanza. Ya Rabi, wasiwe wameanza."

Walikuwa wameanza. Vibarua walisimama nje, mbali. Okeny alikuwa amewatoa wote, akasema ataondoa nguzo peke yake, safu moja moja, taratibu. Tulimwona kupitia uwazi wa mlango, mdogo chini ya msitu wa nguzo za mikaratusi, nyundo mkononi. Shakirah akapiga kelele toka getini:

"Okeny! Toka! Acha, toka!"

Alisikia. Aligeuka, akainua mkono kama anayesema, nakuja, mama. Mlio wa kwanza haukuwa mkubwa, ulikuwa kama kuni kavu ikivunjwa gotini. Okeny akatazama juu. Halafu nusu yote ya slabu ikashuka.

Vumbi lilitufikia getini tukawa hatuonani. Nilimsikia Shakirah akiita jina lile, tena na tena, na hakuna aliyejibu. Vibarua walichimba kwa mikono mpaka alasiri. Walipomtoa nilimtambua kwa kofia. Zaidi ya hapo siwezi kuwaeleza.

Polisi walipofika, Wahabi, aliyekuja mbio baada ya kupigiwa simu, alipiga magoti kwenye kokoto. "Ni mimi! Mke wangu hajui lolote, nichukueni mimi!"

Ofisa akafungua faili. Picha ya Shakirah. Kitambulisho cha Shakirah. Sahihi ya Shakirah, kwenye kila ukurasa. "Wewe ni nani katika kampuni hii?"

"Ni yangu! Kampuni ni yangu!"

"Mzee, hapa umeandikwa dereva."

Alikuwa amejiandika hivyo mwenyewe, wakaguzi wasije wakaona mwanamume nyuma ya mwanamke. Shakirah, na pingu mikononi, ndiye aliyemtuliza: "Baba Abdunoor, usipige kelele. Nenda nyumbani. Watoto hawajala."

Kortini nilikwenda kutoa ushahidi, nikidhani naenda kumwokoa. Nikaeleza kwamba aliyeamuru yote ni Wahabi, kwamba Shakirah hakukanyaga kiwanja kile siku ya zege, kwamba Okeny alikuja mpaka barazani kutuonya. Mwendesha mashtaka akainuka polepole.

"Kwa hiyo, afande, mshtakiwa alionywa kabla ya kutia sahihi?"

Nilikuwa nimekula kiapo. Nilimtazama Shakirah, naye akanitikisia kichwa, sema. Nikasema ndiyo.

Amefungwa miaka mitano. Kesi ya Wahabi bado inasogezwa. Wakili wake anasema dereva hafungwi kwa ajili ya slabu. Huyo bwana sasa anatembea Kisugu akisimamisha watu barabarani na kuwaapia kwamba mwenye kosa ni yeye. Watu wanampisha. Na Gulu nilikwenda kumzika Okeny. Mjane wake, Ajok, alinipa kiti cha mbele, akanishukuru kwa kutoka mbali. Nilishindwa kumwambia kwamba mumewe alisimama mbele yangu na kofia yake mkononi, na mimi nikasema anakuza mambo.

Funzo

Ndugu zangu, serikali ikibadilisha masharti, yasomeni mpaka mwisho, na msitafute mlango wa nyuma. Kazi ikitengwa kwa ajili ya wanawake, basi afanye mwanamke, aijue, aiamuru, aisimamishe saruji ikipungua. Mwanamume anayejificha nyuma ya jina la mkewe hamfichi mkewe. Anamsukuma mbele apigwe yeye. Na wewe mama uliyeletewa karatasi ukaambiwa ni karatasi tu, jua kwamba siku ya msiba hiyo ndiyo watakayoifungua. Usiseme ulikuwapo mahali hukuwapo, hata anayekuomba awe baba wa watoto wako.

Mafundi, acheni toroli ya injinia. Majengo yaliyosimama bado hayajawathibitishia kitu.

Lakini zaidi nasema na sisi majirani, sisi wenye umri na akili tunaoulizwa, nifanye nini. Okeny alikuwa na mengi ya kupoteza na bado alisema. Mimi sikuwa na cha kupoteza, nikamshauri mwanamke mwoga azidi kuogopa. Ukiulizwa, mwambie mtu ukweli siku hiyo hiyo, kabla hajashika kalamu. Mimi niliusema kortini, na ulipotoka mdomoni mwangu ulimfunga rafiki yangu.