Tundu la Ukuta wa Barabara ya Ushuru

Jumatatu ile nilikuwa nikianika nguo juu ya uzio wa vyuma wa kando ya geti letu, kama wanawake wote wa nyumba zilizo kando ya barabara ya zamani ya ushuru, huku kwetu Yorkshire. Jua la Juni lilikuwa zuri. Baba mkwe wangu, Enoch, alinishikia kapu la vibanio bila kuombwa, ingawa mgongo ulikuwa ukimuuma.

Mume wangu Amos ni fundi wa kuta za mawe matupu, zisizotiwa saruji. Alikuwa akiziba tundu la chini ya ukuta wetu, kwa sababu binti yetu Annis, wa miaka minne, alishajifunza kulipenya hadi barabarani kwenye malori.

"Amos, hilo huachwa wazi," Enoch akasema. "Babu yako aliliacha."

"La sungura hilo, baba. Watatafuta njia nyingine."

"Si la sungura." Mzee akashusha sauti. "Enzi za ushuru, watu walipolipia kupita hapa, mama mmoja asiye na pesa alifungiwa geti kwenye theluji. Akamsukuma mwanawe tunduni, angalau yeye apate moto. Waliokuwa humu ndani walimwona. Hawakuinuka. Mtoto alifia humo humo tunduni."

Amos akacheka, akagonga jiwe la mwisho. "Basi akitaka kuingia azunguke getini, kama watu wengine."

Nyuma yangu geti la chuma likalia. Hakukuwa na upepo.

"Mama," Annis akaita kutoka getini, "ana baridi. Nimpe nafasi yangu?"

Nilidhani ni mwanasesere wake. Nilikuwa na shuka mikononi. Sikugeuka.

"Mpe, mwanangu."

Mimi ndiye niliyemfundisha kugawana.

Nilipogeuka Annis alikuwa amesimama ndani ya geti, ametulia. Nikamshika mkono. Baridi. Baridi ya jiwe. Viatu vyake vilikuwa vimejaa theluji.

"Asanteni kwa kunifungulia," akanong'ona.

Amos aliyang'oa yale mawe kwa kucha, akimtafuta Annis wetu. Damu ilimtoka. Tundu lilikuwa tupu.

Ni miaka sita sasa. Huyu tuliye naye, mwenye sura ya Annis, ni mpole. Hushukuru kila kijiko cha uji. Namfunika vizuri usiku, kwa kuwa kosa si lake. Lakini bado anavaa gauni lile lile la miaka minne, na linamtosha.

Enoch alikufa bila kumlaumu mwanawe hata kwa neno moja. Ingekuwa heri angemlaumu. Amos hajajenga ukuta tena.

Kila asubuhi natoka kutazama uzio. Vyuma vyote vina umande, isipokuwa viwili. Hivyo vimefutwa kwa upande wa barabarani, upana wa viganja viwili vidogo, kana kwamba mtu alivishika usiku kucha akitazama ndani.

Mwaka wa kwanza alama zilikuwa usawa wa kiuno changu.

Sasa zimefika kifuani pangu.