Wageni Ndani ya Mashua ya Nyangeta

Watoto, mmekaa vizuri? Haya, shikeni mkeka, tunaingia majini.

Huyu ni Nyangeta. Anakaa na Bibi yake kisiwani, katikati ya ziwa kubwa. Shule zimefungwa, na Nyangeta anajifunza kuendesha mashua ya tanga.

Mashua yenyewe ni ndogo. Inamtosha Nyangeta, rafiki yake Bwire, na ndizi moja.

"Ukifika kwenye lile jiwe jeupe na kurudi bila kupiga kasia," Bibi alisema, "nitakuita nahodha."

Nyangeta alitaka sana kuitwa nahodha.

Jumatatu asubuhi akashika usukani. Bwire akashika kamba.

*Vuta kamba, tanga lijae!*
*Legeza kamba, tanga litulie!*
*Pa! Pa! Pa!*

"Hodi! Hodi!"

Nani huyo? Ni Shangazi Perpetua, amekuja kutembea. Amekuja na kuku sita na jiko la mkaa.

"Karibu, Shangazi. Shikamoo," akasema Nyangeta. Atafanyaje? Mgeni hafukuzwi.

"Marahaba. Nipisheni niweke jiko." Shangazi akapanda mashuani. Kuku wakapanda. Jiko likapanda.

Mashua ikasema, "Mmmmh." Haikwenda popote.

Jumanne asubuhi, Nyangeta akashika usukani tena.

*Vuta kamba, tanga lijae!*
*Legeza kamba, tanga litulie!*
*Pa! Pa! Pa!*

"Hodi! Hodi!"

Lo! Ni Mjomba Magesa. Amekuja na mbuzi. Amekuja na kochi.

"Karibu, Mjomba. Shikamoo." Atafanyaje? Mgeni hafukuzwi.

Mjomba akaketi kwenye kochi. Mbuzi naye akaketi kwenye kochi, akakunja miguu.

Mashua ikasema, "Mmmmh." Maji yakaingia, chubwi! Samaki mmoja akachungulia, akatikisa kichwa, akaenda zake.

"Hapa pazuri," akasema Mjomba. "Chai iko wapi?"

Nyangeta akakimbia kwa Bibi nyuma ya nyumba, akalia.

"Bibi, sitakuwa nahodha mimi! Wageni wamejaa mashuani, na siwezi kuwafukuza."

"Usiwafukuze," akasema Bibi. "Kesho Shangazi yako anatimiza siku ngapi?"

"Tatu."

"Na wahenga walisemaje?"

Nyangeta akafuta machozi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!

Jumatano asubuhi akaleta majembe. Moja la Shangazi. Moja la Mjomba. Na dogo la mbuzi.

"Jembe la nini majini?" akauliza Shangazi.

"Mimi ni siku ya pili tu!" akalalamika Mjomba.

"Pole, Mjomba. Majini siku zinakimbia."

Basi wakalima ziwa. Chubwi! Chubwi! Kila shimo walilochimba lilijifukia lenyewe. Mbuzi akakasirika sana.

"Wekeni majembe," akasema Nyangeta. "Shangazi, msaidie Bwire kamba. Mjomba, kumba maji nje kwa sufuria. Kuku, upepo ukija pigeni kelele. Mbuzi, nikisema kushoto, kaa kushoto."

"Na jiko?" akauliza Shangazi.

"Na kochi?" akauliza Mjomba.

"Jiko na kochi vishuke. Hivyo si wageni."

Wote wakavaa majaketi ya kuelea. Mbuzi alivaa mawili.

Ko-ko-ko-koo! Upepo!

*Vuta kamba, tanga lijae!*
*Legeza kamba, tanga litulie!*

"Kushoto!" Mbuzi akaenda kushoto.

"Kulia!" Mbuzi akaenda kulia. Mjomba akamfuata mbuzi.

Mashua ikasema, "Swiiii!"

Jiwe jeupe hilo! Wakalizunguka. Wakarudi, bila kupiga kasia hata mara moja.

Bibi alikuwa amesimama ufukweni. Akawatazama wote, mpaka mbuzi.

"Chakula tayari," akasema. "Naweni mikono."

Neno nahodha hakulitaja. Nyangeta akala ugali, jicho kwa Bibi.

Usiku ukafika. Shangazi akalala. Mjomba akalala, akakoroma, khrrr. Mbuzi akalala na majaketi yake.

Nyangeta akajifunika shuka mpaka puani. Labda Bibi amesahau. Labda kubeba mbuzi hakuhesabiwi.

Bibi akaja mlangoni, taratibu, akaweka mkono kwenye swichi.

"Nahodha," akasema, "nizime taa?"

Nyangeta akatabasamu gizani mwa shuka, mpaka masikio yakasogea.

"Zima, Bibi," akasema nahodha.