Filimbi ya Emery

Asmani, mkuu wa doria ya ufukwe wa Magara, mwanamume aliyekula ugali wa Kigoma, Uvira na Kalemie lakini hakuna mahali alipojifunza kunyata, alinaswa mchana kweupe nyuma ya jiko lake mwenyewe, kasia mkononi, mguu mmoja umezama kwenye ndoo ya mihogo iliyolowekwa.

Alikuwa amesikia sauti ya mwanamume ikizungumza na mkewe.

"Unamutafuta nani?" Hadjara, mkewe, alimuuliza. Alikuwa peke yake jikoni.

"Mwizi wa kuku."

"Sisi hatuna kuku."

Asmani alicheka. Bado anakamua suruali, ile sauti ikarudi, na safari hii aliiona ikitoka kinywani mwa Hadjara: nzito, yenye kikohozi. Ya Emery, mlinzi wa zamu aliyeuawa mwezi uliopita, watu wenye silaha walipoingia kutoka ziwani.

"Chef, nilipiga filimbi mara tatu. Ulikuwa wapi?"

Uchunguzi ulikuwa umekwisha. Aliyepewa kuufanya ni Asmani mwenyewe, na Asmani akaandika kwamba mkuu wa doria hana kosa. Hakuandika kwamba jioni ile ya uvamizi alikuwa amejibanza chini ya dirisha la Karimu, fundi cherehani, akisikiliza kama utepe wa kupimia nguo unakawia kiunoni mwa Hadjara. Joanita, mjane wa Emery, aliomba waletwe watu wa mbali waulize upya. Akaambiwa ripoti iko.

Tangu siku sauti iliposikika, nyumba ikanuka mazutu ya injini za boti na damu, na kila adhuhuri filimbi ikalia, kwanza ufukweni, halafu uani, halafu chini ya kitanda, na Hadjara akawa hali, hanywi, anatabasamu tu kama mwanamke anayenong'onezwa sikioni, hata Asmani, ambaye wivu haukumwacha hata penye hofu, akajikuta anamwonea wivu marehemu, akijiuliza Emery anamwambia nini mkewe humo ndani.

Bibi Nafisa, mganga wa Minago, alikuja na ubani wake, akamkalisha Hadjara mkekani. Macho yakageuka meupe.

"Nitamwacha mwanamke huyu nikijibiwa," likasema jini kwa sauti ile ile ya Emery.

Asmani akasogea. "Bibi, niache nilihoji mimi. Uchunguzi nimeuzoea."

"Jini halihojiwi na mtu wa nyumba. Toka hapo. Joanita ataleta watu watatu kutoka Bugarama, wasiokujua. Wao watauliza, wewe utajibu."

"Mbele ya watu?" Asmani alinong'ona. "Niseme nilikuwa dirishani kwa Karimu, ninamuchunga mke wangu?"

"Emery alikufa. Wewe utaona haya tu."