Bunduki Iliyotobolewa Mtutu

Niwieni radhi, hadithi hii nitaiharibu. Wajuzi huhadithia habari za jini kwa sauti ya chini. Mie nikinong'ona, mtaa wa pili huamka. Nimekwambieni mapema.

Mwaka wa sitini na sita, Matrah, bandari ya Waarabu, palikuwa na fundi akiitwa Thabit, aliyehamia kutoka Unguja. Kazi yake ilikuwa kusoma alama za bunduki kuukuu za kufundishia askari gwaride, ajue kila moja imetengenezwa wapi na imepita mikono ya nani. Bunduki hizo ni maiti: mtutu umetobolewa makusudi, pini imekatwa, haziui hata nzi. Ndiyo maana aliruhusiwa kuzichukua nyumbani.

Siku moja aliifungua mojawapo, ikanuka baruti mbichi.

"Mahbuba, hebu nusa," alimwambia mkewe, mja mzito wa siku zake.

"Koga kwanza, bwana, kisha uisingizie bunduki!"

Thabit akacheka, akakwangua kutu. Mazoea yake, kila alama aliisoma kwa sauti: taji, mwaka, herufi za kiwanda. Kwenye bamba la kitako akakuta jina la Kiarabu lililochorwa kwa ncha ya kisu. Akalisoma vivyo hivyo.

"Ghatmush."

Bunduki ikaitika: kacha! Kama iliyokokiwa.

Kesho yake adhuhuri, watu wamelala kwa joto, ukasikika mlipuko. Jogoo alikutwa uani ana tundu kifuani, na bega la Thabit limevilia damu kama la mtu aliyefyatua, naye alikuwa usingizini. Tangu hapo, kila akiiegemeza ukutani mtutu ukitazama mlango, akigeuka kuchota maji, akifumba jicho tu, hukuta mtutu umesogea, kidogo kidogo, bila mkono wa mtu, mpaka mchana ule alipouona umelielekea godoro alilolala Mahbuba, umelenga tumbo, na ndani yake kinapumua kitu, pumzi ya moto, nzito, yenye kunuka baruti.

"Usitikisike," alinong'ona Thabit, akijipenyeza katikati.

"Thabit... nani kaishika?"

"Hakuna mtu."

Jirani yao Bi Masouda, mganga, aliitwa akaja na chetezo, akalitazama bamba.

"Weye, jina hili ulilisoma kimoyomoyo au kwa sauti?"

"Kwa sauti, bibi. Ndiyo kazi yangu."

"Basi umemwita. Mgeni gani aitwe kisha asije?"

Akafukiza ubani, akamwamuru Thabit ayeyushe risasi, alizibe jina. Risasi ilipogusa bamba, kitu kililia ndani ya mtutu kama mtoto aliyeachishwa ziwa, kikanyamaza.

"Nnakuusieni," alisema Bi Masouda, "jina hili lisitamkwe tena, hata kwa mzaha. Popote litakapotajwa, ndipo atakapohamia."

Mahbuba alijifungua salama. Bunduki ikafukiwa bondeni, upande wa Ruwi. Bi Masouda alikufa hajalitamka. Mahbuba naye vivyo hivyo. Thabit, uzeeni, aliniandikia tu jina hilo kwa kidole mchangani, akalifuta upesi.

Kwa hivyo mkisikia kacha! nyuma ya mlango, msimlaani jini wa watu. Yeye kaitwa tu. Mwenye mdomo ni mie.